Barua ya Kumsifu Mtu ni Ushahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu wasomaji, jambo tutakalo kuliangalia katika ukurasa huu si geni kwa asili yake, ijapokuwa limetujia likiwa na vazi jipya. Nalo ni hili: Je, yafaa mtu kuongeza maneno katika barua ya kumsifu kijana, ikiwa nia ni njema na kijana mwenyewe ni mhitaji? Na je, kijana naye yafaa ajisifu kwa kalamu yake ili apate nafasi ya elimu?

Mimi nakaa Eldoret, mji wa bara ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na mwendo wa karibu kilomita 800 kutoka Mombasa. Zamani watu wa pwani walikuja huku kwa biashara, na reli ilipofika mwaka 1924 njia ikawa nyepesi zaidi. Siku hizi wanaotuletea salamu za pwani aghlabu ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoundwa mwaka 1984, kiko Kesses, kusini ya mji, na karibu na mji pana Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake mwaka 2013. Watoto wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huja huku kusoma, na miongoni mwao wamo wanaosomea uhandisi, elimu ya miaka mitano yenye hesabu nyingi na usingizi mchache.

Kijana hodari wa uhandisi afikapo mwaka wa tatu au wa nne huanza kutafuta kitu kiitwacho uanagenzi wa utafiti. Maana yake ni kuwa mwanafunzi ambaye hajamaliza shahada yake ya kwanza huenda katika maabara ya nchi nyingine kwa miezi miwili, mitatu au hata sita, akakaa chini ya mtaalamu, akashika kazi kwa mikono yake, kisha akarudi kwao kumaliza masomo. Liko shirika la IAESTE, lililoanzishwa London mwaka 1948 baada ya vita, ambalo nchi wanachama hubadilishana wanafunzi wa ufundi na sayansi, na Kenya imo. Iko maabara kubwa ya CERN karibu na Geneva, ambayo kila mwaka hupokea wanafunzi wakati wa kiangazi cha huko, hata kutoka nchi zisizo wanachama wake. Kiko na chuo cha KAUST huko Thuwal, katika ufuo wa Bahari ya Sham kaskazini ya Jeddah, kilichofunguliwa mwaka 2009, nacho hupokea wanafunzi wa mataifa mbalimbali kwa utafiti wa miezi kadhaa. Milango mingine haikufunguliwa kwa wote: mpango wa Ujerumani uitwao RISE, kwa mfano, ni wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani ya Kaskazini, Uingereza na Ireland. Kwa hiyo kijana na asome masharti kwanza, asije akapoteza mwezi mzima akibisha mlango usio wake.

Milango hii yote hutaka kijana aeleze alilofanya, na aghlabu hutaka watu wazima wanaomjua wamwandikie barua. Hapo ndipo mtihani unapoanza.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja wa Mombasa anayesomea uhandisi wa umeme. Ni mtoto mwenye adabu, huswali nasi. Akanipa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, akasema, "Maalim, nimekurahisishia kazi. Imebaki sahihi yako tu." Nikaisoma. Ilisema kwamba mimi namshuhudia kuwa amewasomesha watoto 40 wa madrasa yetu elimu ya kompyuta kwa muda wa miaka miwili, na kwamba yeye ni mwanafunzi bora kabisa niliyepata kumwona katika maisha yangu.

Kweli ilikuwa hivi: alikuja Jumamosi tatu. Kisha mitihani ikamshika, asirudi tena. Na mimi si mwalimu wa uhandisi hata nijue nani bora na nani duni.

Nikamuuliza, "Mwanangu, haya umeyatoa wapi?" Akainamisha kichwa, akasema, "Maalim, kila mtu afanya hivi. Wenzangu barua zao huziandika wenyewe, wakubwa wakatia sahihi. Mimi nikiandika kweli tupu, nitakuwa wa mwisho." Usiku ule mama yake akanipigia simu kutoka Mombasa. Baada ya salamu akaniambia, "Maalim, mtilie mwanangu maneno mazuri. Wewe yakupunguzia nini?"

Neno lile la mama lilinizuilia usingizi. Kwani ni kweli, wino haukunigharimu kitu. Na mimi si mtu wa kumtupia kijana yule jiwe, maana miaka michache kabla yake nilimwandikia kijana mwingine barua ya namna hiyohiyo. Nilishuhudia kwamba nimemwona akiongoza kazi ya mitambo ambayo sikupata kuiona kwa macho yangu. Alikubaliwa, akasafiri Ulaya, na sote tukafurahi. Baada ya wiki chache ilinijia barua pepe fupi kutoka kwa mwalimu aliyempokea. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: Kazi ile uliyoiandika, uliiona mwenyewe? Niliisoma mara nyingi, na mpaka leo sijaijibu. Kijana aliporudi aliniambia kuwa kila asubuhi alikuwa akiingia katika maabara ile kwa hofu, asithubutu kuuliza swali, maana kuuliza kungemfichua. Alikwenda kujifunza, na barua yangu ikamnyima ruhusa ya kusema "sijui". Na asiyeweza kusema "sijui" atajifunza nini?

Basi tuangalie asili ya jambo hili. Barua ya kumsifu mtu si zawadi, wala si sadaka. Ni ushahidi. Yule asiyemjua kijana amekuuliza wewe umjuaye, naye atatenda kwa neno lako. Sisi Waswahili hata cheti cha chuo kikuu twakiita shahada, na maana ya shahada katika lugha ya Kiarabu ni ushahidi. Na ukubwa wa dhambi ya ushahidi wa uongo haufichiki kwa mtoto yeyote aliyesoma chuoni.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alitaka kumshuhudia mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie. Umar akamuuliza kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, au kama amefanya naye muamala wa fedha. Alipokana yote hayo, Umar akamwambia kwamba huenda amemwona tu msikitini akiinama na kuinuka, na kwa hivyo hamjui. Laiti kila mkubwa aombwaye barua angejiuliza maswali yale matatu kabla ya kushika kalamu! Mimi nilikuwa nimemwona kijana wangu msikitini, nikashuhudia habari za mitambo.

Wanavyuoni wetu waliijua kazi hii kabla ya vyuo vikuu vya leo. Wataalamu wa hadithi waliwapima wapokezi mmoja mmoja: huyu ni mwaminifu na hifadhi yake madhubuti, huyu ni mkweli lakini husahau, huyu hajulikani. Ibn Hajar aliwapanga kwa daraja 12. Hawakuona haya kumtaja mtu mwema kuwa hifadhi yake ni dhaifu, wala hawakuhesabu kwamba wamemvunjia heshima, kwa kuwa dini ya watu ilitegemea neno lao. Na iangalie ijaza apewayo mwanafunzi na sheikh wake. Ijaza haitoshelezwi na kusema kuwa fulani ni mwerevu mno. Yasema kuwa fulani amenisomea kitabu fulani, nami nilikisoma kwa fulani. Thamani yake imo katika kukitaja kile kitabu. Ijaza isiyotaja kitu ni karatasi.

Atasema msemaji: Je, si tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu? Qurani imetukataza kujitakasa nafsi zetu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea mtu aliyemsifu mwenziwe mbele yake. Vipi basi kijana aandike ukurasa mzima wa mambo yake?

Nasi twajibu kwa kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie. Yeye alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akamweleza kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Huku si kujisifu kuliko haramu, kwa kuwa alisema kweli, alisema kwa haja, na alimwambia mwenye mamlaka ya kutoa kazi ile. Tena tazama jambo wanalolipita wengi. Kabla ya siku hiyo, mjumbe wa mfalme alipokuja kumtoa gerezani, Yusuf hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe, akataka habari yake ichunguzwe kwanza. Alikuwa na haja kuliko kijana yeyote wa leo, naye ndiye aliyeomba aulizwe. Mkweli haogopi kuchunguzwa.

Ama malezi yetu ya pwani, yana uzuri wake na yana upungufu wake katika jambo hili. Tumewafundisha watoto kunyamaza juu ya wema wao, na hilo ni zuri. Lakini hatukuwafundisha namna ya kusema kweli juu ya nafsi zao pale wanapoulizwa. Basi wengi wao hawaombi kabisa, na huziona nafasi hizi kuwa za watoto wa Nairobi. Na akitokea anayeomba, kwa kuwa hajazoea kupima maneno ya aina hii, huazima maneno ya watu wengine, akavaa joho lisilomwenea. Unyamavu na uongo vyaonekana kuwa vitu viwili vilivyo mbali. Mimi naona mzizi wao ni mmoja, nao ni kudhani kwamba kweli yako haitoshi.

Na sasa nirudi kwa kijana wangu. Nilimwambia, "Mwanangu, hebu nieleze habari ya pampu ya msikiti." Akashangaa.

Wasomaji hawajui habari hii. Pampu ya kisima chetu ilikuwa ikizimika kila jioni, watu wakakosa maji ya udhu Magharibi. Fundi tuliyemwita alisema mota imekufa, tununue mpya. Kijana huyu akaomba apewe muda. Kwa siku tisa alipima nguvu ya umeme asubuhi, jioni na usiku, akaandika katika daftari. Akaona kuwa jioni, watu wote wanapopika na kuwasha taa, umeme ambao wapaswa kuwa volti 240 hushuka chini ya 190. Umeme ukipungua hivyo, mota hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi, ikapata moto, na kinga yake ikaizima isiungue. Mota haikuwa mbovu. Akatushauri tujaze tangi usiku wa manane, akafunga kidude cha kuiwasha na kuizima kwa saa. Mpaka leo maji yapo, na fedha za mota mpya tulinunulia mikeka.

Nikamwambia, "Mbona hili hukuliandika?" Akajibu, "Ile, Maalim? Ile ni kazi ya fundi tu."

Ndugu zangu, fahamuni ajabu hii. Kijana alikuwa na swali, akapima, akaandika, akapata sababu, akaondoa dhara. Utafiti ni nini kama si huo? Naye aliuacha nje ya barua, akaniletea uongo wa watoto 40. Alitaka nimshuhudie kwa asilolifanya, akaficha alilolifanya.

Sasa tujibu hoja za watu, kwa kuwa si haki kuzipita.

Wako wasemao kuwa wale wa ng'ambo si wenzetu, na kuwadanganya si neno. Hawa wamesahau usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wakitaka kumuua Mtume, na amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Hakuondoka nazo. Alimwacha Sayyidna Ali ili azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa amana ya adui hailiwi, italiwaje ya mwalimu anayekufungulia mlango wake?

Wako wasemao kuwa kila mtu afanya. Lau ni kweli, basi barua zote zimekwisha kuwa sawa na bure, na msomaji wa huko hazitazami tena. Sifa kubwa kubwa hazimsaidii mtu kuchagua. Lakini akisoma kwamba kijana alipima umeme siku tisa na namba zake ni hizi, hapo amepata kitu cha kushika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na aliyeisema ni mtu wa insafu. Alisema: Mwenye mali ana maabara nzuri, na walimu wake wana majina makubwa. Mtoto wetu hana. Dunia yenyewe imepinda, kwa nini tusimsaidie kwa neno moja? Nami nakiri kwamba dunia imepinda. Lakini jiulize: nafasi ile iliyopatikana kwa uongo ilitoka mikononi mwa nani? Haikutoka kwa yule tajiri, kwani yeye ana milango kumi. Aghlabu imetoka kwa mwenziwe aliye kama yeye, kijana wa Kisumu, wa Tanga au wa Kampala, aliyeandika kweli. Tumemwibia maskini tukidhani twamkomoa tajiri. Na uongo ukifichuka, atakayekuja nyuma kutoka nchi hii atapimwa kwa mizani ya shaka. Kijana mmoja hula, na wengi hulipa.

Watu wa Eldoret hawahitaji kuambiwa ni nini kuharibika kwa amana katika mambo ya safari za elimu. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini humu wakidai fedha walizotoa ili watoto wao wasome Finland, katika mpango uliopitia serikali ya kaunti ya Uasin Gishu, na baadhi ya wanafunzi walikuwa huko hali ada zao hazijalipwa. Mambo hayo yalifika mahakamani, na hukumu ni ya mahakama, si yetu. Sisi twachukua mazingatio tu: safari ya kijana imesimama juu ya maneno ya watu wazima. Yakiwa maneno yana kasoro, anayeanguka ni kijana.

Basi lipi la kufanya? Kwanza, mkubwa aombwaye barua na aiandike mwenyewe, ijapokuwa ni mistari mitano, na aseme alichokiona. Asiyemjua kijana na akatae kwa upole, amwelekeze kwa amjuaye. Kukataa huko ni hisani. Pili, kijana aweke daftari tangu mwaka wake wa kwanza, aandike alichopima, alichokosea na alichotengeneza, ili siku ya kuulizwa awe na cha kusema. Tatu, nanyi watu wa miji ya pwani, mnao wazee waliofanya kazi bandarini, katika reli na katika umeme. Wengine walipita MIOME, taasisi ile ya ufundi ya Waislamu ya Mombasa iliyofungua madarasa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee hao na wakae na vijana jioni moja kwa mwezi, wawasomee barua zao, wawaulize: hili ulilifanya wewe? Vipi ulilifanya? Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetoa gazeti la al-Islah Mombasa mwaka 1932, alituamsha tutafute elimu ya dini na ya dunia pamoja. Kumfundisha kijana kusema kweli juu ya kazi yake ni kuzikutanisha elimu hizo mbili mahali pamoja.

Niliichana karatasi ile mbele ya kijana. Nikaandika nyingine kwa mkono wangu, kisha yeye akaipiga chapa. Niliandika kwamba mimi ni mwalimu wa dini, siwezi kupima uhandisi wake. Kwamba alitusomeshea watoto Jumamosi tatu. Kwamba ni mwaminifu wa fedha, kwa kuwa tulimpa za kununulia vyombo akarudisha chenji na risiti. Na kwamba nilimwona kwa macho yangu akipima umeme siku tisa. Daftari lake akalipiga picha, akaliambatisha.

Aliomba mahali pawili. Pa kwanza pamemkataa. Pa pili, mpaka naandika haya, hapajajibu. Mama yake alinipigia tena, nami nilimweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, Maalim. Mungu ndiye mtoaji." Sikujua kama ameridhika au amenivumilia. Huenda kijana asipate, na huenda lile karatasi la uongo lingempitisha. Sitaki kuwadanganya wasomaji kuwa kweli hulipa kila mara kwa fedha taslimu. Lakini akipata, ataingia maabara ile akiweza kusema "hili silijui, nifundisheni". Na barua ikinijia kuniuliza kama niliona kwa macho yangu, safari hii nitaijibu siku ileile.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, na azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu. Amin.

Wabillahi ttaufiq.